Fundi wa Kumwinua Mgonjwa

Mtu akitengeneza mlango ukafunga bila kukwama, tunamwita fundi. Mwenye kushona kanzu ikakaa begani bila mkunjo naye ni fundi, na watu hutoka mtaa wa pili kumfuata. Lakini yuko mtu ambaye kila asubuhi humtoa mgonjwa aliyepooza kitandani, akamkalisha kitini, akamfikisha chooni na kumrudisha, bila mgonjwa kuumia wala yeye mwenyewe kuteguka mgongo, na hakuna anayemwita fundi. Tunamwombea thawabu. Tunasema ana moyo. Moyo anao, ni kweli, ila moyo peke yake haumsimamishi mtu mzima aliyelegea upande mmoja. Kinachomsimamisha ni ujuzi, na ujuzi huo una kanuni zake, vifaa vyake, makosa yake na uzuri wake, sawa na ufundi mwingine wowote.

Ujuzi huo nimeuona kwa mama mdogo wangu, anayemuuguza bibi nyumbani kwao Ngamiani, Tanga. Kiharusi kilimpata bibi kikamlegeza upande wote wa kushoto: mkono, mguu na pembe ya mdomo. Akili yake ni timamu, ulimi umerudi, na upande wa kulia una nguvu zake. Mama mdogo ni mwembamba, na bibi anamzidi uzito kwa mbali. Ukiwaona wawili hao wakitoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu utadhani bibi ni mwepesi. Si mwepesi hata kidogo. Siri yao ni moja, nayo ndiyo nataka kuieleza kwa kituo: anayejua kuinua huinua kidogo kabisa, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi humwachia mgonjwa mwenyewe.

Wengi wetu huanza kinyume. Mgonjwa akirudi kutoka hospitali, huitwa vijana wawili wenye mabavu. Mmoja anamshika kwapa la kulia, mwingine la kushoto, wanahesabu mpaka tatu na kumvuta juu. Namna hii imeenea mno. Utaiona kliniki, utaiona stendi, utaiona hata harusini mzee anapohamishwa kiti. Inafanywa kwa huruma, lakini inaumiza. Bega ndicho kiungo chenye uhuru mkubwa kuliko vyote mwilini, na uhuru huo una gharama: kichwa cha mfupa wa mkono kimeegemea kishimo kisicho na kina, kikishikiliwa na misuli na kano zaidi kuliko na mfupa. Kiharusi kikiilegeza misuli hiyo, uzito wa mkono wenyewe unatosha kulivuta bega lishuke kidogo kutoka mahali pake. Anayetia mkono kwapani na kunyanyua, au anayeukamata mkono uliopooza na kuuvuta, anamalizia kazi ambayo ugonjwa uliianza. Bega huuma kwa miezi, mgonjwa hataki kuguswa, na mazoezi yanayotakiwa kumrudishia uwezo yanasimama. Huku nyuma wale vijana wameinama na kupinda kiuno kwa wakati mmoja, mkao ambao mgongo hauupendi hata kidogo. Uingereza ilitunga mwaka 1992 kanuni zinazomtaka mwajiri kwanza aepushe unyanyuaji wa hatari pale inapowezekana, na kumnyanyua mgonjwa kwa makwapa ni katika mambo ambayo wauguzi wa huko hufundishwa kuachana nayo.

Mama mdogo hufanya nusu ya kazi kabla hajamgusa bibi. Mkeka unakunjwa na kuwekwa kando. Sakafu inafutwa ikiwa ina maji. Kandambili anazivua, maana huteleza na hujikunja chini ya mguu, na dera lake analipandisha na kulikaza kiunoni lisije likakanyagwa. Kiti cha magurudumu anakileta ubavuni mwa kitanda, upande wa kichwani, kwa sababu bibi akishakaa ukingoni huko ndiko kutakuwa kuliani kwake, na kuhamia upande mzima ni rahisi kuliko kuhamia uliopooza. Anakigusisha na kitanda, kikiwa kimekaa mshazari, kama nyuzi 30 hadi 45. Anafunga breki zote mbili, kisha anakishika na kukitikisa, kwa kuwa breki iliyochakaa hufungwa na bado gurudumu likateleza. Vikanyagio vya miguu anavifungua na kuvisogeza pembeni. Kikanyagio kilichosahaulika hukata ngozi ya mguu ambao hauhisi vizuri, au humkwaza mgonjwa pale pale anapogeuka.

Hata kitanda chenyewe kimeshafanyiwa kazi. Godoro lilikuwa limebonyea katikati, na kitanda kilikuwa chini mno, hivyo bibi alipokaa ukingoni magoti yalikuwa juu kuliko nyonga. Mtu aliyekaa hivyo, hata akiwa mzima, huinuka kwa shida. Jaribu kuinuka kutoka kwenye kigoda cha jikoni bila kujishika popote, halafu inuka kutoka kwenye kiti cha mezani, utaona tofauti. Mama mdogo akatia ubao chini ya godoro, akampata seremala amwekee vipande vya mbao vilivyochimbwa shimo chini ya kila mguu wa kitanda ili kisiteleze. Sasa bibi akikaa ukingoni, nyayo zote mbili ziko sakafuni na nyonga ziko juu kidogo ya magoti. Vipande vile vya mbao vimempunguzia mzigo mama mdogo kuliko ambavyo kijana yeyote mwenye nguvu angempunguzia.

Halafu ndipo wanaanza. Bibi anakunja magoti, mama mdogo akilisaidia la kushoto. Kwa mkono wake wa kulia bibi anaukamata mkono wa kushoto na kuulaza juu ya kifua, usije ukabaki nyuma. Anageuza kichwa kulia, na mwili unafuata: bega, kisha nyonga, kisha magoti. Mama mdogo ameweka kiganja nyuma ya bega na kingine kwenye nyonga, anasindikiza tu. Bibi akishalala ubavu, miguu inateremshwa ukingoni mwa kitanda, na hapo uzito wa miguu inayoshuka unasaidia kiwiliwili kupanda, huku bibi akijisukuma kwa kiwiko cha kulia, halafu kwa kiganja. Hakuna aliyevutwa shingo. Hakuna aliyenyanyuliwa. Mtu amekaa.

Akishakaa, wanasubiri. Nilidhani mwanzoni kwamba mama mdogo anapumzika, kumbe anamsoma bibi. Mtu aliyelala muda mrefu akiinuka ghafla, damu huchelewa kupanda kichwani na presha hushuka. Macho yanafunga giza, na anaweza kuzimia akiwa tayari amesimama. Basi mama mdogo husimama mbele yake, karibu, wakiongea habari za usiku na za majirani. Anaangalia uso umebadilika rangi au la, jasho limetoka au la, maneno yanatoka sawasawa au yanakatika. Bibi akisema kichwa kinazunguka, hawaendi popote. Mwenda pole hajikwai.

Sasa anamfunga bibi kibwebwe cha kanga iliyokunjwa, kiunoni, juu ya nguo, fundo likiwa pembeni. Hospitali zenye uwezo zina mkanda maalumu wenye vishikio kwa kazi hiyo. Kanga ngumu iliyofungwa vizuri inampa mshikaji mahali pa kuweka mikono ambapo si mkono wa mgonjwa, si kwapa wala si nguo. Kazi yake ni kuongoza, na anayeigeuza kuwa kamba ya kumning'inizia mtu atajikuta fundo limempandia mbavuni. Bibi anajisogeza mbele kwa kuhamisha uzito: anaegemea kulia, kalio la kushoto linasogea, anaegemea kushoto, la kulia linasogea. Nyayo zinavutwa nyuma kidogo ya magoti. Mama mdogo anakunja magoti yake mwenyewe, anaweka mguu mmoja mbele na mmoja nyuma, na goti lake analiegemeza kwenye goti la kushoto la bibi, lile linaloweza kulegea bila taarifa. Mikono ya bibi haipandi shingoni mwa mama mdogo. Mkono wa kulia unashika godoro, tayari kusukuma.

Ishara ya kuinuka anaitoa bibi. Hili ndilo jambo lililonivutia kuliko yote. Anavuta pumzi, anasema "Bismillahi", na neno likiisha ndipo wanainuka. Hapo awali mama mdogo ndiye aliyekuwa akihesabu, na mara nyingi bibi alikuwa bado hajajiandaa, akawa mzigo mtupu. Walipobadilishana, mwili wa bibi ulianza kujiandaa wenyewe, kwa sababu anayetoa amri anajua inakuja lini.

Na tazama wanavyoinuka. Bibi hapandi juu moja kwa moja. Kwanza anainama mbele kutoka nyongani, mgongo umenyooka, mpaka pua inapita juu ya vidole vya miguu. Wakati huo makalio yanaanza kuachana na godoro yenyewe, kabla ya mtu yeyote kutumia nguvu. Mama mdogo havuti juu; anahamisha uzito wake kutoka mguu wa mbele kwenda mguu wa nyuma, na kibwebwe kinamfuata, na bibi anakuja naye. Kisha ndipo magoti yananyooka. Wanasimama kitambo kidogo wakiwa wamekaribiana, bibi apate utulivu. Wanageuka kwa hatua ndogo ndogo, miguu ikienda, viuno visipindwe, mpaka bibi asikie ukingo wa kiti nyuma ya miguu yake. Mkono wa kulia unatafuta mkono wa kiti. Anainama mbele tena, na anashuka taratibu. Hadondoki. Akishakaa anarudishwa nyuma mpaka makalio yafike mwisho wa kiti, miguu inapandishwa kwenye vikanyagio, na mkono wa kushoto unalazwa juu ya mto mapajani usining'inie.

Huko kuinama mbele ndiko moyo wa ufundi wote. Kila mtu mzima huinuka hivyo mara nyingi kwa siku bila kufikiri: miguu nyuma, kichwa mbele, uzito unahamia kwenye nyayo, ndipo mwili unapanda. Anayemvuta mgonjwa juu huku mgonjwa amekaa wima, au ameegemea nyuma kwa hofu, anapigana na uzito wote. Anayemsubiri mgonjwa ainame anaukuta uzito umeshahamia kwenye miguu ya mwenyewe. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyemfundisha mama mdogo alimwambia tangu mwanzo asimnyanyue mama yake, amkumbushe tu namna alivyokuwa akisimama.

Fikra hiyo ina historia. London, katika miaka ya 1940, Berta Bobath, mzaliwa wa Berlin aliyekuwa amesomea ualimu wa mazoezi ya viungo, alianza kuwatibu watu waliopooza upande mmoja kwa namna iliyopingana na desturi ya wakati ule. Desturi ilikuwa kuuacha upande uliopooza na kuufundisha upande mzima ufanye kazi ya pande mbili. Yeye na mumewe, daktari Karel Bobath, walishikilia kwamba upande uliopooza lazima uguswe, uwekewe uzito na ushirikishwe katika kila tendo la siku. Kitabu chake kuhusu watu wazima waliopooza upande mmoja kilitoka mwaka 1970. Mengi katika nadharia yao yamejadiliwa na kurekebishwa tangu hapo, lakini mazoea ya kulihesabu tendo la kutoka kitandani kuwa ni sehemu ya tiba yenyewe yamebaki katika kazi ya wataalamu wengi. Bibi anaposimama asubuhi unyayo wake wa kushoto ukiwa umekanyaga sakafu, hayo ni mazoezi pia.

Upo pia upande wa anayeinua, na hapa hesabu ni kali. Ndoo ya lita 20 ukiibeba imegusa tumbo utafika nayo. Inyooshee mikono mbele uone kama utahesabu mpaka kumi. Uzito ni ule ule, lakini kadiri unavyokuwa mbali na mwili ndivyo misuli ya mgongo inavyolazimika kuvuta kwa nguvu zaidi, na mvuto huo unakwenda kuzikandamiza gegedu zilizo kati ya pingili za kiuno. Ndiyo maana mama mdogo husogea karibu mpaka mapaja yanagusana. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, huanzia kilo 23 inapokokotoa mzigo wa kawaida ulio katika mkao mzuri. Kwa kumnyanyua mgonjwa, mtafiti wake Thomas Waters alipendekeza mwaka 2007 kikomo cha kilo 16 hivi. Kikomo kimeshuka kwa sababu mtu si gunia: hana vishikio, anaweza kushtuka, anaweza kulegea ghafla, na hawezi kushikwa karibu na kifua kama sanduku. Hakuna mgonjwa mzima mwenye kilo 16. Maana yake ni kwamba kumbeba mtu mzima mikononi, hata kwa upendo, ni jambo ambalo mgongo wa binadamu haukuumbiwa kulirudia kila siku.

Je, yule asiyeweza kusimama kabisa? Kijana aliyeanguka kutoka kwenye mwembe au mnazi, au aliyepata ajali ya bodaboda akavunjika uti wa mgongo, miguu yake haitamsaidia hata akiinama vipi. Kwake ufundi unabadilika: badala ya kusimama, anateleza. Ubao laini, uliopigwa msasa mpaka hauna kibanzi, unawekwa kama daraja kati ya kitanda na kiti. Mkono wa kiti ulio upande wa kitanda unaondolewa, na ndiyo sababu mwenye kununua kiti kwa mgonjwa wa namna hii achague chenye mikono inayotoka. Kama ana mpira wa mkojo, mfuko wake unahamishwa kwanza, na unabaki chini ya usawa wa kibofu. Kisha kijana anajisukuma kwa mikono yake, kidogo kidogo, akiinamisha kichwa upande mmoja ili makalio yaende upande wa pili. Asiye na nguvu mikononi huhamishwa na watu wawili au zaidi kwa shuka imara lililotandikwa chini yake, wakishika karibu na mwili na kwenda kwa sauti moja.

Hapa kuna adui asiyeonekana, naye ni kuburuzwa. Ngozi ikishikwa na shuka huku mfupa ukiendelea na safari, mishipa midogo ya damu iliyo kati hunyongwa, na kwa mtu asiyehisi maumivu hakuna atakayejua mpaka kidonda kitokee juu ya mfupa wa chini ya mgongo, kwenye nyonga au kisigino. Vidonda vya mgandamizo vimeua watu wengi waliokwisha kupona majeraha yao. Kwa hiyo muuguzaji mzuri huinua kidogo ndipo asogeze, humgeuza aliyelala kila baada ya saa mbili au kama alivyoelekezwa, humkumbusha aliyekaa ajiinue au aegemee pembeni kila baada ya muda mfupi, na kila siku huikagua ngozi kwa macho yake.

Vifaa vya kazi hii navyo vina heshima yake, na inanifurahisha kwamba vingi vilibuniwa na waliovihitaji. Kiti cha magurudumu cha chuma kinachokunjwa, chenye vyuma viwili vilivyopishana chini ya kalio, kilitokana na urafiki wa watu wawili huko Marekani: Herbert Everest, mhandisi wa migodi aliyevunjika mgongo kwa ajali mgodini, na Harry Jennings, mhandisi wa mitambo. Walikitengeneza mwaka 1933 ili Everest aweze kukitia ndani ya gari. Mashine ya kumnyanyua mgonjwa kwa kitambaa na mkono wa chuma, inayoonekana leo katika hospitali nyingi za dunia, jina lake limetoka kwa Ted Hoyer wa Oshkosh, Wisconsin, aliyepooza kwa ajali ya gari akiwa bado kijana. Kwetu, karakana za Bombolulu mjini Mombasa, za chama cha watu wenye ulemavu wa viungo Kenya, APDK, zimetengeneza viti vya magurudumu kwa mikono ya mafundi ambao wengi wao ni watu wenye ulemavu. Moshi kuna TATCOT, chuo kilichoanza mwaka 1981 kwenye viwanja vya hospitali ya KCMC, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na wa viti vya magurudumu kutoka nchi nyingi za Afrika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 unasema kiti kinachofaa ni kile kinacholingana na mahitaji ya mtu na mazingira yake, kinachomwenea mwilini, kilicho salama, na kinachoweza kutengenezwa huko huko aliko kikiharibika. Kiti kipana kupita kiasi humfanya mgonjwa akae upande, na kumhamisha mtu aliyekaa upande ni kazi mara mbili.

Mtihani mkubwa, hata hivyo, uko chooni. Vyoo vyetu vingi ni vya kuchuchumaa, milango yake ni myembamba, kizingiti kipo, sakafu ina maji, na mahali pa kugeukia hapatoshi. Mama mdogo alipata kiti cha plastiki kigumu, kikakatwa tundu katikati, kingo zikalainishwa kwa msasa na kufungwa mpira ili zisikwaruze, kikawekwa juu ya shimo miguu yake ikiwa ndani ya vikombe vilivyojengewa saruji kisihame. Ukutani kulia pamechimbiwa bomba la maji lililotiwa saruji, la kushikia. Kizingiti kilivunjwa na kuwekwa mteremko. Fundi mwashi aliifanya kazi hiyo kwa siku moja, na bibi akapata tena kile alichokuwa akikililia kuliko kutembea: kwenda haja bila mtoto wake kumshikia beseni.

Fundi wa kweli anajua pia kushindwa kwa usalama. Ikitokea goti la bibi limelegea katikati ya safari, mama mdogo hajaribu kumdaka juu. Anamvuta karibu, anarudisha mguu mmoja nyuma, na anamwacha ateleze juu ya paja lake mpaka sakafuni, akilinda kichwa. Kisha wote wawili wanatulia. Hakuna kukimbilia kumwinua. Wanaangalia kwanza kama kuna kilichovunjika, maana nyonga ya mzee huvunjika kwa jambo dogo, na kama kuna maumivu makali au mguu umekaa vibaya, asisogezwe mpaka msaada ufike. Kama yu salama, anageuka ubavu, anapiga magoti akikabili kiti kizito, anauweka mguu mzima mbele na kujisukuma, huku kiti kingine kikisogezwa nyuma yake. Ngazi kwa ngazi, kutoka chini hadi juu, na kila ngazi ina pumziko lake.

Katika yote haya kuna sitara. Kabla ya kumgusa, mama mdogo humwambia, "Mama, nakugeuza." Kanga ya kumfunika iko tayari kabla shuka halijaondolewa. Wageni wanaombwa watoke. Hasemi juu yake na mtu mwingine huku akimshika kana kwamba hayupo. Na akiona bibi ameweza jambo ambalo jana hakuliweza, anauondoa mkono wake pale pale, hata kama kumsaidia kungekuwa haraka zaidi. Kuuondoa mkono kwa wakati ni kugumu kuliko kuuweka, na hapo ndipo unapomtambua aliyefuzu.

Kazi hii katika nyumba zetu imewaangukia wanawake, na mara nyingi mwanamke mmoja tu. Migongo yao inauma kimya kimya mpaka siku wanapolala kitanda cha pili, na nyumba inakuwa na wagonjwa wawili. Haifai kuendelea hivyo, na dawa yake ipo. Kama una mgonjwa wodini leo, usikubali kutoka na dawa na kadi ya kliniki peke yake. Mwombe mtaalamu wa fiziotherapia akuonyeshe namna ya kumgeuza, kumkalisha na kumhamisha mgonjwa wako huyo, kisha ufanye wewe mbele yake, urudie mpaka aridhike. Nenda na mwenzako, na mmoja wenu awe mwanamume. Na kama nyumbani kwenu tayari yuko anayeifanya kazi hii peke yake, usiishie kumpa pole. Mwambie akufundishe, uchukue zamu.